Kalcha ya Vuga na Kidumbak ya Ng'ambo: uchambuzi wa kisa cha kikundi cha Mila na Utamaduni, Unguja

Mwaka 1996 kampuni ya Ujerumani, Network Medien, ilitoa albamu ya Culture Musical Club ya Unguja, yaani Mila na Utamaduni, iitwayo Spices of Zanzibar. Mwaka uliofuata kampuni nyingine ya hukohuko, Dizim, ikatoa Ng'ambo, ya kundi lililoandikwa Kidumbak Kalcha. Mtu wa Berlin aliyezinunua zote mbili angeweza kuapa kwamba haya ni makundi mawili yasiyojuana. La kwanza lina safu ya fidla, ganuni (chombo bapa cha nyuzi nyingi kinachodonolewa) na waimbaji waliotulia vitini. La pili lina vigoma viwili, sanduku la uzi mmoja na sauti zinazokwenda mbio kama zimefukuzwa. Kumbe "Kalcha" ni "Culture" kama inavyotamkwa mitaani, na wapigaji wengi wametoka kwenye benchi moja.

Kisa cha Mila na Utamaduni kinafaa kuchambuliwa kwa sababu hiyo. Watu wengi wanaotaka kuunda kikundi cha kuchanganya muziki wa asili huanza na wimbo: wanatia marimba hapa, gitaa pale, kisha wanatafuta wa kuusikiliza. Unguja mambo yalikwenda kinyume chake. Mchanganyiko ulikaa kwanza ndani ya watu. Mpiga fidla wa taarab ya ukumbini alikuwa ndiye mpiga fidla wa harusi ya uwanjani, na alipofika kwenye jukwaa la Ulaya alikuwa na miaka mingi ya kujua ni kipi kinakubali kukaa pamoja na kipi hakikubali.

Kilikotoka

Kikundi kilianza mwaka 1958 kikiwa sehemu ya umoja wa vijana wa Afro-Shirazi Party, kwa jina la Shime Kuokoana. Wakati huo Unguja ilikuwa tayari na klabu kongwe, Nadi Ikhwan Safaa, iliyoasisiwa 1905, na nyuma yake kulikuwa na kumbukumbu ya Sultani Barghash aliyempeleka Muhammed Ibrahim Misri kujifunza ganuni. Hiyo ndiyo taarab ya baraza la wakubwa. Upande wa pili kulikuwa na njia ya Siti binti Saad, binti wa Fumba, aliyeitoa taarab kwenye kasri akaiimba kwa Kiswahili cha watu, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Shime Kuokoana ilizaliwa kati ya njia hizo mbili, na wanachama wake wengi walikuwa wa Ng'ambo, ng'ambo ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na mitaa ya wafanyakazi.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kikundi kikawekwa chini ya wizara iliyoshughulikia utamaduni, na jina la sasa likatokana na hapo. Faida ilikuwa ya dhahiri: jengo la mazoezi mtaani Vuga, vyombo vya kudumu, nafasi redioni na kwenye sherehe za taifa. Gharama yake ilikuwa kwamba nyimbo zilipaswa kuitikia wito wa serikali. Ninachokiona kikubwa zaidi katika miaka ile ni chumba. Klabu yenye chumba chake, milango yake na kabati lake la vyombo inaweza kukosa fedha mwaka mzima na bado ikaamka. Klabu inayofanyia mazoezi nyumbani kwa mwenyekiti hufa siku mwenyekiti anapohama.

Wanachama hawakuajiriwa kwa ajili ya muziki. Mchana wapo maofisini, bandarini, madukani, shuleni. Jioni wanakuja Vuga. Hili hutajwa kama udhaifu, na kwa safari za nje ni udhaifu kweli, kwa maana kila mmoja anahitaji ruhusa ya kazini. Lakini kwa umri wa kikundi limekuwa nguzo: hakuna mwezi ambao klabu ilidaiwa mishahara ya watu 25 wa okestra.

Kilichochanganywa

Taarab ya Kalcha ina tabaka nne, na kila tabaka ina sheria zake.

Ya kwanza ni okestra ya mtindo wa Misri, firka: fidla kadhaa, chelo, besi kubwa, ganuni, udi, nai (filimbi), dumbak (kigoma) na rika (tari). Onyesho kamili hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha vyombo vitupu kilichotoka kwa Waturuki kikapitia Misri, chenye sehemu zinazobadilika na sehemu moja inayorudiwa baada ya kila mojawapo. Albamu yao ya mwaka 2000 iitwayo Bashraf ilikusanya vipande vya namna hiyo. Kwa kikundi, bashraf ni kipimo cha usafi wa kupatanisha vyombo, kwa sababu hakuna sauti ya mwimbaji ya kufunika makosa.

Ya pili ni shairi. Beti nyingi za taarab ya Unguja ni za mishororo mitatu, kila mshororo mizani 16, iliyokatwa katikati nane kwa nane. Ubeti huu umetungwa hapa kwa mfano tu:

Nilipanda asumini, nikangoja ichanue,
Kumbe yupo dirishani, jirani, aichukue,
Nimlalamie nani, machozi yanipungue.

Ukiuhesabu utaona kina cha kati ni -ni na cha mwisho ni -ue. Kwa mtia muziki, mkato ule wa katikati ndio mlango. Mwimbaji akishamaliza mizani nane za mwanzo, fidla zina nafasi ya kujibu kwa kipande kifupi kinachoitwa lazima, kabla hajaingia kwenye nane zinazofuata. Mtunzi wa maneno na mtia muziki mara nyingi ni watu wawili tofauti, na kosa la kawaida huzaliwa hapo: mtia muziki anapenda sauti ya wimbo wa filamu ya Kimisri au ya Kihindi, anaichukua, kisha anagundua kwamba kishazi chake kina mapigo ya silabi 11. Anaanza kuvuta irabu, na maneno yanapotea. Hadhira ya Unguja itasamehe sauti iliyokwaruza. Neno lisilosikika haitalisamehe, kwa sababu wamekuja kusikia jirani ni nani.

Tabaka ya tatu ni ngoma za kwetu: mapigo ya kidumbak, ya ngoma za unyago, na kumbwaya iliyotoka kwenye ngoma za kupunga pepo. Ya nne ni vilivyokuja na meli na redio: kodiani, bongo, mapigo ya rumba na bolero. Mapigo haya yalisambaa duniani kwa santuri za Kuba, na Unguja ikayapa kiti karibu na pigo la wahda unusu la Waarabu bila kuona ajabu.

Kodiani na robo ya sauti

Hapa ndipo tabaka hizi zinapogongana, na inafaa kukaa kidogo.

Maqamu ni ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu. Maqamu ya Rasti ina noti ya tatu iliyo katikati ya mi na mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu sauti). Bayati, ikianzia re, ina noti hiyohiyo kama daraja la pili. Sika inaanzia juu yake kabisa. Fidla na udi havina vikwazo: kidole kinasogea kidogo tu na noti imepatikana. Ganuni ina vijiti vidogo vya shaba kando ya kila kundi la nyuzi, vya kuinua au kushusha sauti. Kodiani haina la kufanya. Vidole vya chuma vilivyo ndani yake vimekatwa kwa sauti 12 za Kizungu, na basi.

Chukua mi ya karibu mitetemo 330 kwa sekunde. Robo ya sauti chini yake ni karibu 320. Fidla ikipiga ile ya chini na kodiani ikapiga ile ya juu kwa wakati mmoja, sikio linapata mtikisiko wa mara tisa hivi kwa sekunde. Msikilizaji asiyejua maqamu ataona fidla ndiyo imekosea, kwa sababu kodiani ina sauti kubwa zaidi. Hili limeharibu rekodi za vikundi vingi vya pwani.

Kuna njia tatu za kutoka. Ya kwanza ni kuchagua maqamu zisizo na robo: Nahawandi, Hijazi, Kurdi, Ajami. Ndiyo rahisi zaidi, na ndiyo sababu mojawapo kwamba kikundi chenye kodiani ya kawaida kinajikuta kinapiga Nahawandi usiku kucha bila kujua kwa nini. Ya pili ni kodiani kukaa kimya kwenye noti hiyo: mpigaji anapiga daraja la kwanza na la nne, anaiacha ya tatu kwa fidla na ganuni. Inahitaji mpigaji mwenye adabu anayeijua maqamu kuliko anavyozijua funguo zake. Ya tatu ni kuifanyia kodiani upasuaji, kama wanavyofanya Waarabu: kidole cha chuma kinakwanguliwa kwa tupa nyembamba, karibu na ncha ili kupandisha, karibu na shina ili kushusha. Kila funguo ina vidole viwili, cha kuvuta na cha kusukuma, na mara nyingi safu zaidi ya moja, kwa hiyo noti moja ni kazi ya vidole vinne au zaidi. Ukizidisha tupa mara moja umeharibu, kwa maana chuma kilichoondoka hakirudi. Na kodiani iliyofanyiwa hivyo haitapiga rumba ya kawaida tena kwenye funguo hizo, kwa hiyo kikundi kinahitaji kodiani mbili.

Kwa ninavyosikia rekodi zao, njia ya pili ndiyo iliyoipa Kalcha sauti yake. Kodiani inapumua, inaingia na kutoka, haijazi kila pengo. Vijana wanaoiga sauti hiyo kwa kinanda cha umeme wanaikosa kwa sababu kinanda hakipumui, na mpigaji wake hana sababu ya kunyamaza.

Kidumbak: taarab iliyovuliwa viatu

Kidumbak ni dumbak ndogo, kama ki- inavyosema. Ni vigoma viwili vyenye umbo la chungu, kimoja cha sauti ya juu na kimoja cha chini, vinavyopigwa na mtu mmoja. Vinaambatana na fidla moja, cherewa (manyanga), mkwasa (vijiti vya kugonganishwa) na sanduku. Waimbaji ni mmoja au wawili, na wanaoitikia ni wanawake wote waliopo uwanjani. Nyimbo ni zilezile za taarab ya ukumbini, zimefupishwa, zimekazwa mwendo, na zimeunganishwa moja baada ya nyingine bila kusimama kwa muda wa saa nzima. Mwimbaji bora wa kazi hii, Makame Faki, alijulikana kwa jina la Sauti ya Zege, na ukimsikia utaelewa: sauti inayopenya kelele za uwanja bila mikrofoni.

Sanduku lenyewe ni chombo cha kuangaliwa kwa karibu. Zamani lilikuwa sanduku la mbao nyembamba la kusafirishia majani ya chai, limepinduliwa mdomo chini. Katikati ya uso wa juu kuna tundu, uzi unapita humo na kufungwa fundo kwa ndani kwenye kipande cha mti au bati ili usikate ubao. Upande wa pili wa uzi umefungwa kwenye ncha ya fimbo inayofika kifuani, na kitako cha fimbo kinasimama ukingoni mwa sanduku. Mpigaji anaweka mguu mmoja juu ya sanduku kulishikilia, mkono mmoja unavuta fimbo nyuma kuongeza mkazo, mkono wa pili unadonoa uzi. Hakuna alama yoyote ya noti. Sikio tu. Chai siku hizi inasafirishwa kwa mifuko ya karatasi, kwa hiyo seremala analitengeneza kwa plaiwudi ya milimita nne au sita. Plaiwudi nene zaidi inalifanya liwe zito na bubu.

Makosa ya sanduku yanajulikana. Uzi mpya unalegea kila baada ya dakika chache, basi mpigaji anajikuta anavuta zaidi na zaidi hadi fimbo inateleza. Dawa yake ni kuuvuta uzi mpya usiku mzima kwa kuning'iniza jiwe. Kosa la pili ni kuliweka sanduku juu ya zulia nene: mdomo unaziba na besi inakufa. Uwanjani hukaa juu ya ardhi ngumu, na upande mmoja unainuliwa kidogo kwa kijiti ili hewa itoke.

Kwa kikundi, kidumbak ilikuwa karakana. Wimbo mpya ukipigwa harusini Ng'ambo na wanawake wasinyanyuke, kila mtu anajua kabla jua halijachwa. Kutunza ndiyo hesabu: mwanamke anatoka na noti mkononi, anacheza mpaka kwa mwimbaji, anampa. Anapokuja wa pili na wa tatu, mwimbaji anarudia ubeti uleule, na wapigaji wanajua kwa kumtazama kwamba hakuna kuhamia mbele. Urefu wa wimbo unaamuliwa na waliotoa.

Kwenda nje

Mlango wa kwanza wa rekodi za kimataifa ulifunguliwa na kampuni ya London, GlobeStyle, iliyorekodi Unguja mwaka 1988 na kutoa mfululizo wa albamu nne za taarab. Ya nne, iliyotoka 1989, ilikuwa ya Culture Musical Club. Baada ya Spices of Zanzibar safari za Ulaya zikawa jambo la kawaida, mara nyingine Bi Kidude akiwa jukwaani pamoja nao. Waridi ilitoka 2003 na Shime! mwaka 2009, jina linalorudi hadi mwanzo wa klabu.

Sasa hesabu, maana safari nyingi za vikundi vikubwa huvunjikia hapa. Tarakimu za malipo na nauli zifuatazo ni za mfano. Tuseme onyesho moja linalipa euro 5,000, nauli ni euro 900 kwa mtu, malazi na chakula ni euro 90 kwa mtu kwa kila onyesho, na viza ya Schengen ni euro 90 (hii ndiyo ada halisi ya mtu mzima tangu Juni 2024).

Okestra kamili ya watu 25 inaondoka nyumbani ikiwa imeshatumia euro 24,750. Kila onyesho linaacha 2,750 baada ya malazi na chakula. Inahitaji maonyesho tisa ili irudishe gharama tu. Kikundi cha watu 11 kinaondoka na deni la 10,890, kila onyesho linaacha 4,010, na kufikia onyesho la tatu kimeshatoka kwenye deni. Ziara ya maonyesho 12 inampa kila mmoja wa wale 25 euro 330. Inampa kila mmoja wa wale 11 zaidi ya euro 3,300.

Hiyo ndiyo sababu kilichopanda ndege mara nyingi kilikuwa kidogo kuliko kilichobaki Vuga. Watu 11 wanaweza kuwa fidla mbili, kodiani, ganuni, udi, besi, dumbak, mpigaji mmoja wa rika na bongo, na waimbaji watatu. Kinachopotea si kidogo. Fidla nne zikipiga sauti moja, tofauti ndogo kati yao zinageuka utamu. Fidla mbili zikitofautiana, kila mtu anasikia kwamba mmoja amekosea. Heshima ya sauti inadai fidla tatu au moja. Na nani abaki? Uchaguzi huo umevunja klabu nyingi kuliko ukosefu wa fedha. Utaratibu unaofaa ni kuandika kanuni kabla mwaliko haujafika: kila chombo kina mtu wa kwanza na wa pili, wanapokezana ziara kwa ziara, na sehemu ya mapato, hata asilimia 10, inaingia mfuko wa waliobaki. Kanuni iliyoandikwa baada ya mwaliko kufika huonekana imeandikwa kwa ajili ya mtu fulani.

Viza nayo ina mitego. Balozi ziko Dar es Salaam, hivyo kila mwombaji anavuka kwa boti kwenda kutoa alama za vidole. Alama hizo zinatumika tena kwa miezi 59, kwa hiyo weka daftari la nani alitoa lini. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Kwa kikundi, miezi mitatu ndiyo salama. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Kinachokwamisha wanamuziki wasioishi kwa muziki ni uthibitisho wa kazi na kipato, na hapo kazi ya mchana inageuka neema: barua ya ruhusa kutoka ofisini ni ushahidi kwamba mtu ana sababu ya kurudi.

Mpiga ganuni aangalie risha zake, vile vibapa vya kudonolea nyuzi. Zamani zilikatwa kwenye gamba la ng'amba, zikavaliwa kwa pete kwenye vidole vya shahada. Ng'amba yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, na kuvuka mpaka na risha hizo ni kujitafutia kunyang'anywa. Pembe ya ng'ombe iliyochongwa na kung'arishwa inafanya kazi ileile.

Jukwaani ugenini

Ganuni ina nyuzi 70 na kitu, tatu kwa kila noti, na daraja lake limekaa juu ya vipande vya ngozi. Unguja, kwenye unyevu, ngozi inalegea na sauti inashuka. Ukumbi wa Ulaya wakati wa baridi una joto la mashine na hewa kavu: ngozi inakaza, daraja linainuka, sauti inapanda, na haipandi sawasawa kila mahali. Ukiipatanisha chumba cha nyuma kisha ukaipeleka chini ya taa, umepoteza nusu saa yako. Iwekwe jukwaani saa mbili kabla, taa zikiwa zimewashwa, ndipo ipatanishwe. Vigoma vya kidumbak vina shida yake: nyumbani vinakazwa kwa moto wa makuti, na ukumbini moto hauruhusiwi. Kikaushia nywele kinatosha, kikishikwa mbali na ngozi kwa urefu wa kiganja na kuzungushwa bila kutuama.

Fundi sauti asiyewajua ataona fidla na kufikiri ni okestra ya Kizungu. Ataweka mikrofoni mbili juu na kumwacha kila mtu ajisawazishe. Matokeo yake kodiani inameza ganuni. Okestra kamili inahitaji njia za mikrofoni kama 20: fidla nne, chelo moja, besi moja, ganuni mbili, udi moja, nai moja, kodiani mbili (mkono wa kulia na wa kushoto), dumbak moja, rika moja, bongo mbili, mwimbaji mmoja, waitikiaji tatu. Ratiba ya majaribio iwe dakika 90, na ganuni ijaribiwe kwanza kwa kuwa ndiyo yenye sauti ndogo. Vingine vyote vishushwe kuifuata. Udi, kwa tumbo lake kubwa, huanza kuvuma spika zikiwa karibu, basi mpigaji asikae mbele ya spika ya jukwaani.

Halafu kuna kitu ambacho hakuna fundi anayeweza kukitengeneza. Ugenini hakuna kutunza. Watu wamekaa, wamenyamaza, wanapiga makofi mwishoni. Mwimbaji aliyezoea kupimiwa wimbo na miguu ya wanawake anamaliza beti zake tano kwa dakika sita badala ya 15, na kikundi kinabaki na muda mtupu. Suluhisho ni kuukata na kuupima wimbo nyumbani: utangulizi nusu, beti tatu, taksimu (kipande cha kubuni papo hapo) ya ganuni ya dakika mbili kabla ya ubeti wa mwisho, na kiongozi wa fidla ndiye anayeamua marudio badala ya hadhira. Na kidumbak ikae mwishoni. Kubadilisha kunachukua chini ya dakika moja ikiwa kumezoewa: fidla moja haikomi kupiga, kodiani na ganuni zinanyamaza kabisa, mpiga besi analaza besi na kushika sanduku. Kodiani isijaribu kuingia tena. Sanduku halina noti za kudumu, linaifuata fidla, na fidla ikishapandwa na moto inapanda juu kidogo kidogo. Kodiani itawaumbua wote.

Nyumbani

Miaka ya 1990 ilileta taarab ya kisasa, rusha roho, na makundi kama East African Melody. Kinanda kimoja cha umeme kilichukua nafasi ya fidla, chelo, nai na nusu ya ngoma. Mwenye harusi aliyekuwa akilisha na kusafirisha watu 25 sasa anaita sita, na wageni wanacheza badala ya kukaa. Ni hesabu ileile ya ndege, imefika mpaka Ng'ambo.

Kalcha haikuweza kushindana kwa bei. Ilibaki na vitu ambavyo kinanda hakikuwa navyo: kidumbak ya bei nafuu yenye watu watano au sita, na wapigaji waliojua maqamu. Hoteli na migahawa ya Mji Mkongwe ikaanza kuwataka hao wa mwisho watatu watatu: ganuni, udi, dumbak. Tangu 2002 chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), kilichoanzia katika Nyumba ya Forodha ya zamani pale Mizingani, kikawapa baadhi yao kazi ya kufundisha. Rajab Suleiman, mpiga ganuni aliyekulia Kalcha, akaunda kundi dogo la Kithara, na mwaka 2014 likatoa Chungu, albamu ya nane katika mfululizo wa Zanzibara, yenye midundo ya ngoma za kisiwani chini ya ganuni. Siti and the Band wakatoka DCMA na mchanganyiko wao wenyewe.

Ubaya wake unajionyesha Vuga siku za mazoezi. Mpiga ganuni mzuri analipwa hotelini kwa usiku mmoja, na mazoezi hayalipi kitu. Akikosa wiki tatu, mwanafunzi wake hana wa kumtazama, na okestra inajifunza kupiga bila ganuni. Taarab ya Unguja inafundishwa kwa kukaa nyuma ya mtu. Kijana anakaa safu ya pili ya fidla, anapiga anachokisikia kwa sauti ndogo, na baada ya mwaka mmoja au miwili anasogezwa mbele. Chuo kinampa noti na jina la maqamu. Hakimpi usiku wa kumsindikiza mwimbaji anayebadili ubeti katikati kwa sababu kuna mwanamke amesimama na noti ya shilingi elfu kumi.

Klabu inayotaka kuziba tundu hilo ina mambo mawili ya kufanya mara moja. La kwanza ni kupanga mazoezi Jumatatu na Jumanne, siku hoteli ziko kimya, na kumlipa mpiga ganuni nauli hata kama wengine hawalipwi. Waelezwe waziwazi kwa nini. La pili ni daftari la nyimbo: kwa kila wimbo jina la mtunzi wa maneno, la mtia muziki, maqamu, pigo, idadi ya beti, na nani aliimba kwenye rekodi ipi. Bila daftari hilo, COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, haina cha kusajili, na fedha ya wimbo uliotungwa na watu wawili na kupigwa na 25 inamfikia yule mmoja aliyekuwa na kalamu siku ya kusaini.